Tambi si Chakula? Tafakari juu ya Sufuria Moja ya Jioni



Wengi wenu mmezoea kutukuta hapa tukizungumzia masomo ya Dominika, maisha ya ndoa, malezi ya vijana au wajibu wa kulitegemeza Kanisa. Juma hili tunaomba ruhusa ya kuingia mahali ambapo sisi mapadre hatuingii mara nyingi, na tukiingia huwa ni kufunua sufuria tu na kutoka. Tunaingia jikoni. Tunataka kuzungumzia chakula cha jioni, na kwa usahihi zaidi, tambi zinazopikwa kwa sufuria moja. Asije mtu akasema kwamba Baba Paroko ameishiwa mada. Tumeamua kuandika haya kwa sababu sufuria ya namna hiyo iliwahi kuletwa mbele yetu kama shauri, nasi tukaliamua vibaya.

Ilikuwa Kwaresima ya mwaka 2024. Mume na mke, waamini wa mojawapo ya jumuiya zetu ndogo ndogo hapa Kilwa, walikuja ofisini wakiwa wamenuniana. Wametupa ruhusa ya kusimulia habari yao, nasi hatutataja majina. Mama huuza samaki wa kukaanga. Huondoka alfajiri kwenda kuwangoja wavuvi ufukoni, huwapara na kuwakaanga samaki, huwauza, na hurudi nyumbani jua likiwa limekwisha kuzama. Baba ni fundi seremala. Jioni moja mama alirudi amechoka, akapitia dukani akachukua pakiti ya tambi, akazipika katika sufuria moja pamoja na nyanya, nazi na vipande vya samaki waliobaki, kisha akapakua. Baba aliitazama sahani, akaisukuma kando, akasema mbele ya watoto: "Hiki ni chakula cha wagonjwa. Mtu nimepiga randa kutwa nzima, naletewa tambi?" Akatoka kwenda kununua chipsi barabarani. Kesho yake mama hakupika kabisa.

Tuliwasikiliza kwa muda wa nusu saa. Tulimwonya baba asitoe maneno makali mbele ya watoto. Kisha tulimgeukia mama, tukamshauri ajitahidi kurudi mapema ili mumewe apate ugali wake. Tukawaombea, tukawabariki, nao wakainuka. Walipofika mlangoni mama aligeuka akasema kwa upole, "Baba Paroko, samaki hawajui saa ya ugali." Tulitabasamu tukidhani ni utani. Haukuwa utani, bali lilikuwa jibu la shauri lote, nasi hatukulisikia.

Mwanzoni mwa mwezi Mei mwaka huohuo kimbunga Hidaya kikaipiga pwani yetu. Ninyi mlio huku mnakumbuka mvua ile. Barabara kuu iendayo Dar es Salaam ilikatika katika maeneo kadhaa ya wilaya yetu, Somanga ikiwamo, na kwa siku kadhaa magari ya upande huu na ya upande ule yakabaki yakitazamana. Mama anayetusaidia jikoni hakuweza kuvuka maji yaliyojaa njiani kwake. Nyumbani mwetu tulikuwapo sisi, katekista mmoja, na wasafiri watano waliokwama wakaomba hifadhi, miongoni mwao bibi mmoja wa Lindi aliyekuwa safarini kwenda kumwona mjukuu wake. Watu saba, jiko moja la mkaa, na mkaa wenyewe umelowa nusu. Kabatini tulikuta pakiti mbili za tambi, nazi tatu, vitunguu, nyanya zilizoanza kulainika na kopo la dagaa wakavu. Bustanini mchicha ulikuwa umelala chali kwa mvua, lakini ulikuwa bado mchicha.

Tunakiri kwamba tulianza kwa kujiamini. Tulikuwa tumewahi kuona tambi zikipikwa: maji mengi huchemshwa katika sufuria kubwa, tambi huchemshwa humo, maji humwagwa, na mchuzi hupikwa kando katika sufuria nyingine. Tukabandika sufuria kubwa ya maji juu ya ule mkaa uliolowa. Tulipepea mpaka macho yakatoka machozi. Maji yalipochemka hatimaye, mkaa ulikuwa umekaribia kwisha, na tulipokuwa tukihangaika kukatakata vitunguu kwa ajili ya mchuzi, tambi zilibaki ndani ya maji moto zikavimba, zikageuka uji. Pakiti ya kwanza ikawa imekwenda hivyo, na wageni wanasubiri.

Hapo yule bibi wa Lindi, ambaye ni Mwislamu na mwenye umri wa kutuzaa, alivuta kigoda akaketi kando ya jiko. "Padri mwanangu," akasema, "moto wako mdogo, na wewe unautaka ufanye kazi mbili. Weka kila kitu humo humo." Tukawa wanafunzi wake jioni ile. Tunaandika hapa alivyotufundisha, maana tangu siku ile tumerudia mara nyingi na haijatuangusha.

Kwa pakiti moja ya nusu kilo, inayotosha watu watano au sita, kuna nazi moja kubwa. Inakunwa kwa mbuzi na kukamuliwa mara mbili: tui la kwanza, lile zito, linawekwa kando, na tui la pili, lile jepesi, linaongezwa maji mpaka lifike kama lita moja na nusu. Katika sufuria pana mafuta kidogo yanapashwa moto, kitunguu kinakaangwa mpaka kilainike, kisha vinafuata kitunguu swaumu, bizari kidogo na nyanya nne zilizokatwa. Nyanya zikishavunjika, wanaingia dagaa waliotolewa vichwa na kuoshwa kwa maji moto. Tui jepesi linamiminwa, chumvi inatiwa, na sufuria inafunikwa mpaka ichemke. Hapo ndipo tambi huingia. Kama ni zile ndefu na nene, zinakatwa katikati. Kwa dakika tatu za mwanzo mwiko usipumzike, kwa kuwa ni wakati huo tambi hugandana na kushika chini. Baada ya hapo kugeuza mara kwa mara kunatosha. Baada ya dakika kama kumi tambi zimeiva na supu imepungua. Mchicha uliokatwa unawekwa juu, linafuata tui zito, na moto unapunguzwa, kwa maana tui likichemshwa kwa nguvu hukatika. Mwisho kabisa ndimu inakamuliwa, na sufuria inaepuliwa. Tambi zinywe supu dakika mbili tatu, kisha zipakuliwe.

Siri yake ni rahisi kueleweka. Tambi hutengenezwa kwa unga wa ngano, na zinapochemka hutoa wanga. Anayemwaga maji ya tambi huumwaga na ule wanga. Anayepika kwa sufuria moja huuacha humo, ukashikana na tui na nyanya, ukawa mchuzi mzito bila kuongeza kitu kingine. Maji ni machache, kwa hiyo hayachukui muda mrefu kuchemka. Jiko ni moja, kwa hiyo mkaa ni wa jiko moja. Cha kuosha baada ya kula ni sufuria moja, mwiko mmoja na sinia. Kwa nyumba ambayo maji huletwa kwa ndoo, hilo si jambo dogo.

Usiku ule watu saba tulikula tukashiba kutoka katika sinia moja, na bibi wa Lindi akasema kwamba chumvi imepungua. Wazee wetu walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni yule alituponya njaa, na zaidi ya njaa alituponya upofu. Maana tulipokuwa tukikuna nazi ya pili huku mkono unauma, tukihesabu muda tangu tulipowasha moto, tulimkumbuka yule mama muuza samaki. Sisi tulikuwa tumeshinda ndani tukiangalia mvua, na bado chakula hiki kinachoitwa rahisi kilitutoa jasho. Yeye alikipika baada ya kazi iliyoanza kabla ya jua, na mumewe akakisukuma, na sisi tukamwambia arudi mapema.

Ndugu wapendwa, tuitazame sasa ile hukumu kwamba tambi si chakula. Mara nyingi husemwa kwamba tambi ni kitu cha wageni, na kwamba chakula chetu ni ugali. Tunaishi Kilwa, na Kilwa haifai kuwa mahali pa kusema neno hilo bila kufikiri. Msafiri Ibn Battuta alipofika hapa mwaka 1331, pwani hii haikuwa na punje moja ya mahindi wala mzizi mmoja wa muhogo. Mazao hayo mawili asili yake ni bara la Amerika, nayo yalivuka bahari na kufika kwetu baada ya Wareno kuanza safari zao. Nafaka za kale za pwani hii ni mtama, uwele na mpunga. Kwa hiyo ugali wa mahindi ambao baba yule aliutetea kama urithi wa mababu uliingia hapa kama mgeni, ukapewa kigoda, ukakaa mpaka ukawa mwenyeji. Mji uliosimama kwa biashara ya bahari, ambamo hata leo vigae vya vyombo vya China huokotwa katika magofu ya Kilwa Kisiwani, ulijua kupokea kitu cha mbali na kukifanya chake.

Na tambi nazo zimekwisha kupokewa zamani. Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika mji huu, hupika tambi nyembamba kwa tui, sukari na iliki, na kila Mwezi wa Ramadhani huwa tunagongewa mlango jioni, tukakabidhiwa bakuli limefunikwa kawa. Zile nazo hupikwa kwa sufuria moja. Mwaka 2013 jarida la Martha Stewart la Marekani lilichapisha maelekezo ya tambi zinazowekwa mbichi katika chombo kimoja pamoja na nyanya, kitunguu na maji, na dunia ikashangilia kama iliyoona jambo jipya. Inasemekana mhariri wa jarida hilo aliionja namna hiyo ya mapishi huko Puglia, kusini mwa Italia. Hatuwaonei wivu, lakini tunadhani bibi zetu wa pwani wangeulizwa wangesema kwamba hawakuwahi kuwa na jiko la pili la kupikia mchuzi kando.

Jambo la pili ni moto wenyewe. Mungu ameijalia wilaya yetu gesi. Ile ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kampuni ya Kiitalia ya AGIP, na tangu mwaka 2004 imekuwa ikisafiri kwa bomba kwenda Dar es Salaam kuzalisha umeme. Ile ya mitungi tunayonunua madukani ni ya aina nyingine, na nchi yetu huiagiza kutoka nje. Hata hivyo nyumba nyingi za parokia yetu bado hupikia mkaa na kuni. Juma lilelile la mafuriko, tarehe 8 Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dar es Salaam Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034. Serikali imekuwa ikieleza kwamba moshi wa majiko huchangia vifo vipatavyo 33,000 nchini kila mwaka. Wanaouvuta zaidi ni akina mama na watoto wanaocheza karibu nao. Sisi tuliuvuta jioni moja tukakohoa siku tatu.

Tunauunga mkono mkakati huo na kuomba utimie. Lakini mpaka mtungi ufike katika kila nyumba, na hata ukishafika, kwa kuwa nao hujazwa kwa fedha, sufuria moja badala ya mbili ni nafuu iliyo mikononi mwetu leo. Moto unaowaka muda mfupi hutoa moshi kwa muda mfupi. Mkaa unaobaki leo ni mkaa wa kesho, na mti unaobaki msituni ni mvua ya watoto wetu.

Tunajua kuna mtakaotupinga, nasi tungependa kuwajibu kwa heshima.

Kwanza, wapo watakaosema kwamba tambi hazina nguvu, na kwamba zinaleta unene na kisukari. Tambi tupu zenye mafuta mengi na chumvi kweli ni chakula dhaifu, sawa na wali mtupu au ugali wa sembe mtupu. Ndiyo maana bibi wa Lindi hakutupa tambi tupu. Ndani ya sufuria yake mlikuwamo dagaa, mchicha na nyanya. Aliye na kunde zilizochemshwa, aweke kunde. Aliye na kamba au pweza aliyekwisha kulainishwa, aweke. Mwenye kisukari apunguze tambi na tui, aongeze mboga, na amsikilize daktari wake kuliko kumsikiliza Paroko. Na Ijumaa za Kwaresima, tunapojinyima nyama, sufuria hii haitavunja agizo lolote.

Pili, wapo watakaosema kwamba tambi ni ghali. Hilo nalo ni kweli kwa nyumba nyingine. Ngano nyingi tunayoitumia nchini hutoka nje, na mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipoanza, sote tuliona jinsi bei ya unga wa ngano ilivyopanda. Hatumhimizi mtu anunue pakiti asiyoimudu. Tunachokitetea ni namna ya kupika na kula kuliko pakiti yenyewe. Mihogo ya nazi yenye samaki ndani yake ni sufuria moja. Kande ni sufuria moja. Ndizi mbichi za nazi na dagaa ni sufuria moja. Wenye tambi wapike tambi, wenye muhogo wapike muhogo, na asiwepo wa kumcheka mwenziwe.

Tatu, wapo watakaosema kwamba tunafundisha uvivu, kwamba mwanamke mwema huonekana kwa wingi wa sufuria zake. Hapa ndipo tunaposimama imara. Tumeona katika ziara zetu za jumuiya nyumba ambamo mama hupika vyakula vitatu, kisha hula peke yake jikoni mwisho wa wote, kilichopoa, akiwa amesimama. Wageni husifu mapishi. Hakuna aliyezungumza naye jioni nzima. Mnakumbuka habari za Martha na Maria katika Injili ya Luka. Mara nyingi tunamlaumu Martha, lakini tunasahau kuuliza kwa nini hakuna aliyeinuka kumshika mkono. Kama sufuria ni moja, Martha naye ataketi.

Lakini urahisi nao una hatari yake, nasi hatutaificha. Ile saa moja tuliyoiokoa jikoni inaweza kutupotea sebuleni. Chakula kinaweza kuwa tayari mapema, na baba akala akitazama mpira, kijana akala akitazama simu, binti akachukua sahani yake chumbani. Hayati Papa Fransisko, katika katekesi yake ya tarehe 11 Novemba 2015, aliitaja hali hiyo waziwazi: alionya kwamba familia ambayo karibu hailiki pamoja, au ambayo mezani haizungumzi bali hutazama televisheni na simu, imepungukiwa na ufamilia wenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita familia Kanisa la nyumbani. Kanisa haliwezi kuwa Kanisa kama kila mwamini anakuja kwa saa yake, anachukua sehemu yake na kuondoka. Urahisi wa chakula tunauhesabu kuwa neema pale tu muda uliookolewa unapotumika kuketi pamoja.

Nne, na hili ndilo zito, wapo watakaosema: "Padre, wewe unaongea hivyo kwa sababu huna mke. Mwanamume na mwiko, wapi na wapi?" Hapa tunawaomba akina baba wafungue Injili ya Yohane, sura ya 21. Wanafunzi walivua usiku kucha bila kupata kitu. Kulipopambazuka walimkuta Bwana Mfufuka ufukoni, amekwisha kuwasha moto wa makaa, samaki wako juu yake, na mkate upo. Aliwaita waje wafungue kinywa. Yeye aliyekuwa ameshinda mauti hakuona aibu kupuliza makaa kwa ajili ya wavuvi waliochoka. Kila alfajiri hapa kwetu wapo wavuvi wanaorudi ufukoni wamechoka vilevile, na wapo akina mama wanaowangoja. Mkristo anayeona kwamba jiko linamshushia hadhi atafakari ni hadhi gani hiyo aliyonayo ambayo Bwana hakuwa nayo.

Tena tambi za sufuria moja zina wema huu, kwamba mtu yeyote anaweza kuzijifunza kwa jioni moja. Ugali wa watu wanane unataka mkono uliozoea. Pilau ina siri zake. Lakini asiyejua kabisa, hata padre aliyekwisha kugeuza pakiti nzima kuwa uji, akielekezwa ataweza. Ndiyo maana tunakichagua chakula hiki kuwa mlango wa kuwaingiza jikoni akina baba na vijana wetu wa kiume, bila kisingizio.

Baada ya maji kupungua na barabara kufunguliwa, tulikwenda nyumbani kwa wale mume na mke. Hatukwenda kufundisha. Tulimwomba mama msamaha mbele ya mumewe, kwa kuwa tulikuwa tumeupunguza mzigo wa aliyelalamika na kuuongeza wa aliyechoka. Mama alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Yamekwisha, Baba." Mume wake alitazama chini. Halafu akasema neno ambalo hatukulitarajia: "Padre, mimi si kwamba nachukia tambi. Mimi hata kuwasha jiko sijui. Nikikuta yeye kachoka, naona aibu, halafu ile aibu inatoka kama hasira." Tukamwambia kwamba mtu anayekanyaga maranda ya mbao kutwa nzima hawezi kusema hajui kuwasha jiko. Akacheka, na mkewe akacheka, na siku ile hakuna aliyehitaji mahubiri zaidi.

Sasa ni kawaida ya nyumba ile kwamba Alhamisi baba hufunga karakana mapema, hurudi na mfuko wa maranda, na hupika yeye. Tumeambiwa kwamba sufuria ya kwanza ilishika chini na watoto wakagombania ukoko. Tumeambiwa pia kwamba mama, akirudi kutoka sokoni siku hiyo, huoga kwanza kisha huketi mkekani pamoja na wengine, na sinia huletwa mbele yake kama mgeni. Hatusemi kwamba nyumba ile haina ugomvi tena. Wana watoto wanne na ada za shule, ugomvi hauishi. Lakini wana jioni moja kila juma ambayo hakuna anayekula amesimama.

Ndugu msomaji, tunakuomba jambo moja tu juma hili. Chagua jioni moja. Awe baba, awe kijana wa kiume, awe yeyote ambaye kwa kawaida huletewa, aingie jikoni na sufuria moja. Simu ziwekwe mbali, sinia iwekwe katikati, baraka ya chakula isaliwe na mtoto mdogo kuliko wote, na mama awe wa kwanza kupakuliwa. Chumvi ikipungua, asemaye aseme kwa upole, kama alivyosema yule bibi wa Lindi, ambaye tunamwombea safari njema popote alipo.

Tunawatakieni nyote juma jema lenye amani na chakula mezani. Mungu awabariki.

Paroko wenu